Inchi za Akiba

Miezi saba leo tangu niache,
na suruali yangu ya kijivu imenigomea.
Kifungo kinaitazama tundu yake kwa mbali
kama watu waliokorofishana msibani.

Mimi, fundi wa Makoroboi, kibanda cha tatu kutoka kwa muuza ndoo,
niliyewapunguzia suruali nusu ya jiji,
sasa najipima mwenyewe. Tepu inanizunguka,
inarudi na habari: thelathini na tano.
Nilikuwa thelathini na mbili.
Nikadhani imelegea. Nikampima Lugata, mwanafunzi wangu.
Tepu haina kosa.

Kijana wa mzani pale stendi, mia mbili yangu kiganjani mwake:
"Sabini na tisa, mzee. Hongera."
Hongera!
Kwetu mwili ni barua, kila mtu anaisoma,
hakuna anayeuliza nani kaiandika.
Bwire, mwenye nyumba, kalisalimu tumbo kabla yangu,
kodi ikapanda elfu kumi.
Nyamizi wa Mwaloni, aliyenikopesha dagaa miaka sita,
akafunika beseni: "Mtu wa mwili huu anakopa?"
Shemeji zangu wa Magu wameniandika kwenye mchango wa harusi,
mstari wa matajiri.

Pesa gani, jamani?
Ni matobolwa.
Ni karanga, ni mihogo ya kukaanga na pilipili yake,
ni kichwa cha sangara saa nne asubuhi,
saa ile ile niliyokuwa nawasha ya tatu.
Kinywa ni mtoto aliyenyang'anywa kitu:
ukimpa hiki, analilia kile.
Vidole navyo havijui pa kukaa,
vinachokonoa mkebe wa vifungo,
vinakata nyuzi ambazo hazijazidi.
Milembe ananipakulia ugali, nusu,
kisha ananitazama, anaongeza.
Hasemi neno. Miaka kumi na tisa alilala amegeukia ukuta
kwa ajili ya pumzi yangu.
Sasa analala huku, na mkono wake
unapita juu ya tumbo
kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka.

Sijipendi. Niseme ukweli.
Kioo cha kibandani nimewageuzia wateja.
Jumamosi nilinunua moja, moja tu, kwa muuza pipi wa Mtaa wa Rufiji,
nikaipachika nyuma ya sikio, mahali pa chaki.
Nikashona nayo sare za shule mpaka jioni.
Nikapanda nayo Bugarika, ngazi za mawe,
mkono huu unga, mkono huu mafuta ya kula.
Pale kwenye jabali lenye namba ya chokaa
ndipo nilipokuwa nasimama kila siku
nikijifanya naangalia ziwa.
Majirani walidhani nalipenda ziwa.
Nilikuwa natafuta pumzi.

Safari hii miguu ilipita.
Mizito, inalalamika, paja linasugua paja,
lakini ilipita,
nikashtukia niko mlangoni
na ziwa sijalitazama.
Nikashuka tena hatua ishirini, nikalitazama.
Feri ya Kamanga ilikuwa inageuza pua.
Sigara imelowa jasho, imepinda, imepasuka katikati.
Sikuitupa kwa ushujaa.
Iliharibika tu.

Usiku nikafumua mshono wa ile ya kijivu.
Mama Nyanjige, aliyenifunza kazi Ngudu,
alikuwa akinichapa rula vidoleni:
"Acha kitambaa ndani, we mtoto. Mwili hauna mkataba."
Nikakikuta: inchi nne kwa jumla,
kijivu kilichokolea, kama siku kilipotoka dukani.
Hakijawahi kuona jua.
Nikakinusa. Moshi ulikuwa umefika hata humo.
Na kwenye pembe ya mfuko, punje mbili za tumbaku.
Nikakaa nazo kiganjani, sijui muda gani,
Milembe akageuka usingizini, kitanda kikalia.

Nikazipuliza.
Nikatoa inchi tatu.
Moja nikaiacha ndani,
na bado sijui
naiwekea nani.